KIPIMO NDANI YA KAMIO: KIKUONYE, KISIKUUNGUZE



Siku ya posho moja, jioni, waliniletea katika dispensari mfanyakazi mmoja aliyekuwa katika konje. Wenzake walimshika huku na huku, kwa sababu mguu wake wa kushoto haukuweza kukanyaga. Suruali ilikuwa nyeusi kwa mafuta tangu pajani mpaka chini. Nilipoikata kwa mkasi nikaona ngozi imejaa malengelenge toka gotini mpaka kifundoni. Nikamwuliza: "Baba, umeunguzwa na nini?" Akajibu: "Muganga, ni mafuta ya motere." Nikashangaa. Mafuta ya motere hukaa katika motere. Yamefikaje juu ya goti la mtu aliyeketi kwenye usukani?

Akanieleza. Kwa akiba ya miaka mingi alikuwa amenunua kamio kuukuu ya kubebea makala na mahindi. Kipimo cha presha ya mafuta kwenye tablo kilikuwa kimekufa. Akaogopa motere nayo isije ikafa bila yeye kujua. Basi akanunua sokoni kipimo kingine pamoja na kikombe chake cha plastiki, akakifunga mwenyewe chini ya tablo, karibu na goti. Nyuma ya kipimo kile ulifika mrija mwembamba unaoleta mafuta yenyewe. Mrija ulipita katika tundu la bati kali, bila mpira wa kuukinga. Mwezi mzima kamio ilitikisika barabarani, na kidogo kidogo bati likaula mrija. Siku ile, akiwa na mzigo nyuma na mtoto wake pembeni, mrija ukapasuka. Mafuta ya moto yakamrukia. Alishika freni, kamio ikasimama kandokando ya barabara. Mtoto hakuguswa. Tumshukuru Mungu, lakini tusiite bahati kuwa ni kinga.

Neno moja alilosema sijalisahau mpaka leo: "Muganga, nilikifunga ili niokoe motere." Alikuwa na haki ya kutaka kuiokoa. Alikosea namna ya kukifunga tu. Kwa hiyo leo katika ukurasa huu nataka tuzungumze juu ya vipimo vinavyoongezwa ndani ya kamio, kwa maana wengi wenu mnavyo, au mnafikiri kuvinunua.

Kwa nini kipimo ni kizuri

Mimi nikimpokea mgonjwa, kwanza natia kipimo cha homa. Digrii 37, sawa. Digrii 39, kuna ugonjwa. Kipimo hakiponyi mtu, lakini kinanionya mapema. Motere nayo ni hivyo hivyo. Motere nyingi za mazuti hufanya kazi vizuri maji yake yakiwa kati ya digrii 80 na 95. Taa nyekundu ya tablo huwaka wakati hatari imekwisha kuingia. Mshale wa kipimo hukuonyesha hatari ikiwa bado iko njiani.

Sisi wa Katanga tuna sababu moja zaidi. Huko pwani ya bahari, maji yaliyo wazi huchemka kwa digrii 100. Lakini Lubumbashi iko juu ya bahari kiasi cha mita 1,200, na hapo maji huchemka kwa digrii 96 hivi. Kolwezi, ambayo imepita mita 1,400, ni digrii 95 hivi. Kifuniko cha radiateri kina springi inayoyabana maji ili yasichemke upesi. Kifuniko kikichakaa, maji yako yanachemka mapema kuliko ya mwenzako wa pwani. Ndiyo sababu shofere mwenye akili huangalia mshale wake.

Aina mbili za vipimo

Kabla ya kununua, jua unanunua nini. Kuna aina mbili.

Aina ya kwanza huleta mafuta yenyewe mpaka ndani ya kabini. Ndani ya kipimo mna mrija mdogo uliopindwa kama mundu, mara nyingi wa madini yaliyochanganywa na shaba, ile ile tunayoichimba. Presha ikiingia, mrija unataka kunyooka, nao unasukuma mshale. Mfaransa Eugène Bourdon ndiye aliyeuvumbua mwaka 1849, na mpaka leo watu huutumia. Ni kazi nzuri kwenye pompi na kwenye mashini. Lakini ndani ya kabini maana yake ni hii: mafuta ya motere, yenye moto wa digrii 90 na zaidi, yenye presha, yanapita karibu na miguu yako katika mrija mwembamba kama jani la nyasi. Mtambue kwamba hata maji ya digrii 60 huunguza vibaya ngozi ya mtu mzima kwa sekunde 5 hivi. Mafuta ni mabaya kuliko maji, kwa sababu hushikamana na ngozi na nguo.

Aina ya pili ni ya umeme. Kichwa kidogo cha kupimia kinafungwa kwenye motere, na waya tu ndio unaofika katika kabini. Waya ukikatika, mshale unalala, basi. Hakuna mtu anayeungua goti.

Shauri langu ni moja: ndani ya kabini funga kipimo cha umeme. Na kama mtu anataka kukuuzia kipimo cha mazuti chenye mrija wa kuingiza mazuti ndani ya kabini, mwambie asante, urudi nyumbani na pesa yako.

Kikombe kiwekwe wapi?

Vipimo vingi vinavyouzwa vina upana wa milimita 52, na kikombe cha plastiki kina tundu moja, mawili au matatu ya kuvipokea. Mahali pa kukifunga ndipo panapoamua kama kitakusaidia au kitakuumiza.

Chini ya tablo, karibu na goti: hapafai. Kwanza unainamisha macho. Kamio ikienda kilomita 40 kwa saa, inapita mita 11 kila sekunde. Ukitazama chini sekunde mbili tu, umekwenda mita 22 kama kipofu. Ukienda kilomita 60 kwa saa, ni mita 33. Mtoto anavuka barabara kwa nafasi ndogo kuliko hiyo. Pili, kamio ikigonga kitu, goti lako ndilo litakalokipiga kikombe.

Juu ya kichwa: hapafai pia, isipokuwa kabini yako ilitengenezwa na nafasi yake huko. Kamio ikiruka katika shimo, kichwa kinapanda. Nimeshona ngozi za vichwa vya kutosha.

Kwenye nguzo ya pembeni ya kioo cha mbele: ni karibu na macho, na wengi hupapenda. Lakini nguzo hiyo peke yake tayari inaficha watu. Mnawajua ndugu wanaosukuma kinga zenye magunia ya makala kandokando ya barabara. Mmoja wao anaweza kupotea nzima nyuma ya nguzo, kinga, gunia na mtu. Kwa hiyo kikombe kisizidi upana wa nguzo, kisiingie mbele ya kioo hata kidogo. Na kama gari lako ni kamionete ya kisasa, na pale kwenye nguzo pameandikwa AIRBAG au SRS, usifunge kitu hapo. Nyuma yake mna mfuko wa hewa unaofumuka kwa nguvu wakati wa ajali, nao utakurushia kikombe usoni.

Juu ya tablo, mbele ya shofere, chini ya ukingo wa kioo: hapo mara nyingi ndipo pazuri. Macho hayaendi mbali, na barabara haifichwi.

Kabla ya kutoboa hata tundu moja, fanya jaribio hili. Kata karatasi ngumu ya sanduku kwa ukubwa wa kikombe, uibandike mahali unapopataka. Kaa kwenye kiti chako, funga mkanda. Mwenzako atembee polepole mbele ya kamio, toka kushoto mpaka kulia, motere ikiwa imezimwa. Kama karatasi inamficha, hata kwa hatua moja, ihamishe. Jaribio hili halina bei.

Jambo jingine: kipimo kinaweza kuzungushwa ndani ya kikombe kabla ya kukazwa. Kizungushe ili mshale, kamio ikiwa katika kazi ya kawaida, uelekee juu moja kwa moja. Hivyo hutasoma namba. Mshale umesimama wima, sawa. Umelala, kuna neno.

Waya, fyuzi na matundu

Mimi ni mtu wa sindano na bandeji, si fundi wa umeme. Kwa hiyo mambo haya nimeyauliza kwa mafundi wa garaji, na nimeyaandika kama walivyonifundisha. Kama huyajui, mpelekee fundi anayeyajua. Malipo ya fundi ni madogo kuliko bei ya kabini iliyoungua.

Motere izimwe na ipoe. Ondoa kwanza waya wa batri wa upande wa alama ya kutoa (−), nao ndio utakaourudisha mwisho. Ufunguo wa chuma ukigusa batri na bati pamoja, cheche zake zinaweza kuunguza mkono, na pete ya ndoa ikishika umeme inakuwa moto kama chuma cha mhunzi. Vua pete na saa.

Angalia kipimo ni cha volti ngapi. Kamio nyingi kubwa zina volti 24, na vipimo vingi vya sokoni ni vya volti 12. Ukivilazimisha, vitaungua.

Umeme wa kipimo upite katika fyuzi, ile inayokatika yenyewe kabla waya haujashika moto. Kwa kipimo kidogo, fyuzi ya amperi 3 mpaka 5 kwa kawaida inatosha. Fuata karatasi iliyokuja na kipimo. Iwekwe karibu na mahali unapochukua umeme, si mwishoni karibu na kipimo. Waya uliopita kabla ya fyuzi hauna mlinzi. Na fyuzi ikikatika, usitie msumari wala karatasi ya sigara mahali pake. Tafuta kilichoikata.

Ukitoboa, vaa miwani ya usalama. Kipande cha chuma kilicho kidogo kama chembe ya mchanga kinaweza kuharibu jicho maisha yote. Kabla ya kutoboa, angalia nyuma ya mahali hapo kuna nini. Katika kamio, nyuma ya tablo mnaweza kupita mirija ya hewa ya freni. Mtu akitoboa mrija wa freni kwa sababu ya kipimo, amefanya nini?

Kila tundu la bati lipate mpira wa kuzuia waya usikatwe, na nafasi iliyobaki izibwe vizuri. Usiache tundu wazi kati ya motere na kabini. Moshi wa motere una hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Shofere anaanza kuumwa kichwa, anachafuka roho, anasinzia, naye anafikiri ni uchovu tu. Ukijisikia hivyo, simama, zima motere, fungua milango, ushuke.

Nyaya zifungwe mbali na bomba la moshi, na mbali na pedali za miguu. Kichwa cha kupimia kisining'inie juu ya kiungo chembamba; kutikisika kwa motere kunakivunja, na mafuta yote yanamwagika barabarani. Na ule utepe mweupe wa kuzuia kuvuja usiuzungushe kwa wingi, kwa sababu vichwa vingi hupata njia ya umeme kupitia chuma cha motere. Utepe ukizidi, kipimo kinasema uongo. Kipimo kinachosema uongo ni kibaya kuliko kukosa kipimo.

Kabla ya kutoka barabarani

Washa motere, utazame mshale wa presha ya mafuta. Lazima upande mara moja. Kama sekunde 10 zimepita nao haujapanda, zima. Kisha angalia kama kuna kinachovuja. Usipapase kwa mkono, tumia karatasi. Nenda mwendo mfupi, rudi, angalia tena. Halafu weka alama ndogo ya rangi pale mshale unapokaa siku zote. Mwenye kamio ataijua homa ya kamio yake, kama mama anavyoijua homa ya mtoto wake.

Mshale ukionya, sikia

Presha ya mafuta ikianguka ghafla, toka barabarani kwa usalama, uzime motere mara moja. Joto la maji likipanda, punguza mwendo, tafuta mahali pa kusimama. Usifungue kifuniko cha radiateri! Yale maji yaliyobanwa, ukiyaachilia, yanachemka yote kwa mara moja na kuruka usoni. Ngoja nusu saa au zaidi, mpaka uweze kuushika mpira wa juu wa radiateri bila kuungua. Ndipo utumie kitambaa kinene, ufungue polepole, uso ukiwa mbali. Mnunuzi wa makala atangoja. Jicho likiungua, halingojei mtu.

Mtu akiungua

Hapa nasema na nyumba nzima, kwa sababu mafuta ya jikoni na maji ya ugali yanaunguza sawa na mafuta ya motere.

Mwondoe katika hatari. Mvue nguo zilizolowa, viatu, pete. Nguo iliyoshikamana na ngozi iache. Mwagia mahali palipoungua maji safi ya baridi ya kawaida, yanayotiririka, kwa dakika 20. Si dakika mbili, ni dakika 20. Barafu usitumie. Hata kama saa moja au mbili zimekwisha kupita, maji bado yanasaidia. Sehemu nyingine ya mwili ifunikwe ili asipate baridi, zaidi mtoto.

Kisha funika kidonda na kitambaa safi bila kukaza, umlete kwetu. Malengelenge msiyapasue. Msipake dawa ya meno, mawese, yai, wala udongo. Yule ndugu yetu, wenzake walikuwa wamempaka dawa ya meno mguu mzima. Walifanya kwa upendo. Lakini nilipoiosha ili nione kidonda alilia kuliko alivyolia alipoungua, na zile dakika za maji zilikuwa zimepotea bure. Shofere, uwe na chupa mbili za maji safi katika kabini, nazo si za kunywa.

Kidonda kikipita ukubwa wa kiganja cha mwenye kuungua, au kikiwa usoni, mikononi, penye kiungo, sehemu za siri, au kama aliyeungua ni mtoto mdogo, msingoje kesho. Na mkifika mniambie sindano ya pepopunda alipata lini.

Kamio za kazi

Yote niliyoyasema ni kwa kamio yako mwenyewe. Kamio ya kampani usiiongezee kitu, hata kikombe kimoja. Kama kipimo chake kimekufa, andika katika kitabu cha kamio, umwambie mkubwa wako kabla ya kuanza zamu, garaji watengeneze. Kuendesha na kipimo kilichokufa huku umenyamaza si ushujaa.

Mtaniuliza ndugu yetu amefikia wapi. Goti lilimsumbua zaidi, kwa sababu ngozi ya kiungo ikipona hukaza, ikabidi kulinyoosha kila siku kwa uchungu. Majuma mengi hakufanya kazi, wala kamio haikumletea kitu. Leo anatembea vizuri. Kovu litabaki. Kamio yake bado inabeba makala, na juu ya tablo kuna kikombe kipya chenye kipimo cha umeme, waya wake una fyuzi na mpira. Siku moja alinipitia dispensari, akaniita nje nikione. Mtoto wake alikuwa ameketi mahali pale pale pembeni, akinipungia mkono.

Ndugu msomaji, usipoziba ufa utajenga ukuta. Kesho asubuhi, kabla ya kuwasha motere, inama utazame chini ya tablo yako. Ukiona mrija wa mafuta unapita karibu na goti, umekwisha kuusoma ukurasa huu kwa faida.

Ni mimi, muganga msaidizi wenu.